KISUMU HADI MOMBASA KWA NDEGE: KILOMITA NGAPI, SAA NGAPI?

Mpenzi msomaji, hebu fungua ramani yako ya Kenya. Kisumu yetu iko karibu kabisa na Ikweta, kwenye longitudo ya digrii 35 mashariki hivi. Mombasa nayo iko digrii 4 kusini ya Ikweta na karibu digrii 40 mashariki. Kwa hivyo tofauti ni digrii 4 za latitudo na digrii 5 za longitudo.

Karibu na Ikweta, kila digrii ni kama kilomita 111. Sasa tumia kanuni ya Pythagoras: 4×4 na 5×5, jumla 41. Kipeuo chake cha pili ni 6.4. Zidisha kwa 111, utapata kilomita 710. Kwa vipimo kamili vya viwanja vyenyewe, ni kasoro kidogo ya 700.

Hiyo ndiyo njia ya ndege. Barabara ni kama kilomita 830. Reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901 ilikuwa kama kilomita 940, kwani ilibidi ipindepinde kushuka Bonde la Ufa na kuukwea Mau.

Ndege ya jeti ikishatulia angani hukata kama kilomita 800 kwa saa. Basi utasema safari haitimizi hata saa moja! La, ndugu yangu. Ndege hutambaa uwanjani kwanza, kisha hupanda polepole, na mwishoni hupunguza mwendo ili itue.

Je, ukipitia Nairobi? Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 280, na Nairobi hadi Mombasa kama 425. Jumla 705. Kumbe Nairobi iko karibu njiani! Kilomita haziongezeki, ila saa ndizo huongezeka: kuripoti mapema, kukaguliwa, kungojea ndege ya pili.

Shangazi yangu aliyajua haya kwa uchungu. Alitoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi kuja kumzika babu huko Usenge, saa nane mchana. Alikuwa amehesabu saa za angani tu, akaona muda ni tele. Pale Nairobi ndege ya pili ikachelewa saa nne. Alitua Kisumu saa saba na robo, na bado alikuwa na safari ya matatu ya kuelekea Bondo na kuendelea. Lo! Alipofika boma, udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa kaburini. Alisimama pale na mkoba wake begani, asiseme neno.

Kwa hivyo wenzangu, mtu akikuuliza Mombasa ni mbali kiasi gani, usimtajie kilomita pekee. Hesabu kuanzia mlango unaotoka hadi mlango unaoingia, kisha uache nafasi ya kuchelewa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Basi kama jambo ni la kesho, ondoka leo.