Ruwaza Ndani ya Hidrojeli na Makao ya Seli

Seli nyingi za mwili, tukiziacha zile za damu, hufa zikikosa mahali pa kujishikiza. Kwa hivyo mhandisi wa tishu hana budi kuzijengea makao kwanza. Aghalabu makao hayo huwa hidrojeli, yaani polima iliyofyonza maji, ambayo Wichterle na Lím wa Prague waliipendekeza kwa matumizi ya tiba mwaka 1960.

Kuna polima moja, polietilini glikoli, ambayo seli haziishiki kamwe. Kwa maoni yangu, kasoro hiyo ndiyo fadhila yake: ni ukurasa mtupu. Mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kuwa seli huweza kushika kipande cha asidi amino nne tu, ambazo ni arginini, glisini, asidi aspatiki na serini. Hahn, Miller na West wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walitumia leza mwaka 2006 kuviganda vipande hivyo ndani ya jeli. Pale mwanga ulipolengwa, vilinata. Kwingineko vilioshwa vikatoka. Seli zikafuata njia iliyochorwa.

Upana wa njia nao una uzito wake. Kwenye mistari myembamba, seli za kuta za mishipa ya damu hujipanga mithili ya mirija. Kwenye mipana hutawanyika tu. Hapo ndipo penye kazi ngumu, kwani seli iliyo mbali na kapilari kwa zaidi ya takriban milimita 0.2 hukosa oksijeni, na tishu nene isiyo na mishipa huanza kufa katikati.