Kwa Nini Ukuta Huloa Hata Kiangazi

Katika nyumba nyingi za zamani za Kariakoo, Dar es Salaam, kuanzia mitaa ya sokoni hadi kwenye mteremko wa kushukia Jangwani, chini ya ukuta rangi imebanduka, plasta imevimba na unga mweupe umemwagika sakafuni. Masika yamekwisha zamani, wala hakuna bomba linalovuja. Maji yanatoka wapi?

Yanatoka ardhini. Tofali na plasta vina vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa yapandavyo utambi. Kitundu kikiwa chembamba zaidi, maji hupanda juu zaidi: mrija wa kipenyo cha milimita 1 huyapandisha takriban sentimita 3, ilhali wa milimita 0.02 unaweza kuyafikisha mita 1.5. Ukutani hayafiki mbali hivyo, kwa kuwa mengine hukauka njiani.

Yakikauka, huacha chumvi yaliyoitoa ardhini. Chumvi hiyo huganda chini ya rangi na kuibandua. Tena chumvi ya kawaida hunyonya mvuke pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa Dar es Salaam hukipita mara kwa mara. Ndiyo sababu ukuta huloa hata Januari, na kupaka rangi upya hakusaidii.

Afya nayo huathirika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 ulihusisha unyevu na kuvu majumbani na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Familia inayolala chumba kimoja chenye unyevu na kuvu huvuta hewa yake usiku kucha.

Namna ya kukarabati hutegemea ukuta ulivyojengwa. Boma la Kale la Dar es Salaam, karibu na bandari, lilijengwa miaka ya 1860 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupitisha mvuke, hivyo unyevu hupata njia ya kutoka. Ukuta wa namna hiyo ukizibwa kwa saruji, maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Nyumba ya chokaa ikarabatiwe kwa chokaa.

Nyumba ya mteremkoni ina mzigo wa ziada: maji ya juu husukuma ukuta wa nyuma. Hapo panahitajika mfereji uliojazwa kokoto, wenye bomba la matundu chini yake, unaopeleka maji kwenye mtaro wa barabara na si kwa jirani wa chini.

Kwa anayejenga upya, kinga ni rahisi. Chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, tandika kokoto, kwani maji hayapandi penye nafasi kubwa, kisha nailoni nzito. Juu ya msingi, kabla ya kupandisha ukuta, laza tabaka jingine lisilopitisha maji, liungane na lile la sakafu. Nje, udongo ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo.

Mwenye nyumba amdai fundi kazi hii siku ya msingi na aisimamie kwa macho yake. Ukuta ukishasimama, kuiweka kinga hiyo kunahitaji kuukata ukuta wenyewe.