Chuo Kikuu cha Lubumbashi: serikali ikipunguza, mzazi anaongeza

LUBUMBASHI – Kule Kasapa, katika komine ya Annexe, mwaka wa masomo unaanzia benki kabla ya kuanzia darasani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) anapanga mstari, analipa, anachukua karatasi yake ya malipo. Bila karatasi hiyo haandikishwi, na siku ya mtihani anaweza kurudishwa mlangoni. Chuo hiki ni cha serikali, lakini maisha yake ya kila siku yanategemea sana mfuko wa mama muuza unga na baba anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chuo kilipofunguliwa mwaka 1956, wakati wa Wabelgiji, pesa ilitoka serikalini. Mwaka 1971 Mobutu alikiunganisha na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, kikagawanywa tena mwaka 1981. Wazee waliosoma nyakati hizo wanakumbuka basi za masomo, chumba katika homu na chakula cha restora ya chuo.

Katika miaka ya 1980 deni la nchi lilikua na serikali ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Msaada kwa wanafunzi ulikuwa kati ya mambo yaliyokatwa. Kisha ukaja mwaka 1990, mwaka mbaya kwa Lubumbashi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi. Serikali ilisema amekufa mtu mmoja; wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, na ushirikiano ukakatika. Mwezi Septemba mwaka huohuo mgodi wa Kamoto ukaporomoka kule Kolwezi. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka chini ya tani 50,000 katika miaka michache. Hazina ikabaki tupu, na wazazi wakaombwa kuchangia ili walimu wasiache masomo. Mchango ule wa dharura haujaondoka mpaka leo.

Hesabu ya chuo cha serikali sasa ina mifuko mitatu. Wa kwanza ni mishahara kutoka Kinshasa. Wa pili ni pesa ya uendeshaji, ambayo mara nyingi inachelewa au haifiki. Wa tatu ni pesa ya masomo inayolipwa na wanafunzi, na humo ndimo inamotoka ile prime ya chuo wanayogawana wafanyakazi. Anayeumia zaidi ni asistanti aliyeajiriwa lakini bado hajaingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Anafundisha, anasahihisha mitihani, na ile prime ndiyo mshahara wake wote.

Ndiyo sababu bajeti ikipunguzwa, gharama haipotei, inahamia kwa mtu mwingine. Maprofesa wakigoma, kama walivyofanya mwanzoni mwa 2022 wakidai makubaliano ya Bibwa yatekelezwe, mwaka unarefuka na mzazi analipa kodi ya chumba miezi mingine. Ada ikipanda, hasira inatoka barabarani: mwezi Januari 2020 wanafunzi wa Kinshasa walipambana na polisi, na chuo chao kikafungwa kwa muda.

Serikali nayo ina mizigo yake. Tangu Septemba 2019 imejitwika elimu ya msingi bila malipo, jambo ambalo Katiba inaliagiza. Mwaka 2025 M23 waliteka Goma na Bukavu, miji yenye vyuo vya serikali pia, na Raisi Tshisekedi akaongeza maradufu mishahara ya askari na polisi. Hakuna anayebisha kwamba mwanajeshi lazima alipwe. Lakini wakati huohuo vyuo vimeagizwa kufuata mfumo wa LMD, ulioanza mwaka 2021-2022, unaotaka maabara, vitabu, intaneti na vikundi vidogo vya wanafunzi. Mageuzi kama hayo hayafanyiki kwa chaki peke yake.

Linalowakera wengi hapa ni kwamba utajiri umerudi. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikiwa ya pili duniani. Kanuni ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au usultani ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Chuo kikuu hakitajwi katika mgawo huo. Kasapa iko katika jimbo la shaba, ikifundisha mainjinia watakaofanya kazi migodini, lakini haina haki ya kudai hata franga moja ya mrabaha huo.

Wabunge wa Haut-Katanga wanaweza kuuliza swali hili bajeti inapojadiliwa: kizazi kijacho ni nani, kama si huyu aliyekaa sasa kwenye ngazi za ukumbi wa masomo? Sehemu ndogo ya ile asilimia 10 ingeweza kuwekwa wazi kwa maabara na kwa maasistanti wasiolipwa, na chuo kitangaze kila mwaka pesa za wanafunzi zimetumikaje. Mpaka hapo, kila Kinshasa inapofuta mstari mmoja wa bajeti, mzazi wa Lubumbashi ataendelea kuuandika upya katika daftari lake la madeni.