Waachieni Mpira, Lindeni Lango

Barcelona ilipokuwa ikitamba, barazani kwetu swali lilikuwa moja: watu hawa hufungwaje? Wengi walisema wapokonywe mpira. Mimi nilikataa, na nakataa hata leo. Anayemkimbiza Xavi huchoka bure, na nyuma yake huacha uwazi.

Tazameni Celtic walivyofanya kwao Glasgow, Novemba 7, 2012. Wiki mbili kabla walikuwa wamefungwa 2-1 ugenini, kwa bao la dakika za nyongeza. Safari hii wageni waliachiwa mpira kwa zaidi ya asilimia 80 ya mchezo. Celtic walijazana mbele ya lango, pembeni wakapaacha wazi. Krosi za juu ziwatishe nini, na mlinda lango wao Forster anapita mita mbili kwa urefu?

Dakika ya 21 wakapata kona moja, na kijana wetu Victor Wanyama akaupiga kichwa, wavuni! (Hapo ndugu zangu nilisahau kahawa.) Dakika ya 83 Forster akabutua mpira mrefu, Xavi akaukosa, Tony Watt wa miaka 18 akafunga la pili. Messi alikomboa moja, lakini saa ilikuwa imekwisha.