Kosa la Rubani, au Kosa la Mafunzo?

Ajali haina kinga, walinena wahenga, nasi tukaupokea usemi huo kwa mikono miwili kwa kuwa unatuondolea mzigo wa kuuliza. Basi likibingirika mteremkoni, ghorofa likiporomoka, ndege ikianguka, mtu hutikisa kichwa, akautamka, na mazungumzo yakaishia papo hapo. Waliosoma zaidi nao wana usemi wao wa kuyafunga mazungumzo: kosa la rubani. Makala haya yanakusudia kuuchunguza usemi huo wa pili. Ushahidi wake unatoka katika miaka ya kwanza baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakati Uingereza ilipokuwa ikiwafundisha vijana wake kuendesha ndege za jeti, na kuwazika wengi wao kabla ya kuhitimu.

Ndege inayotuhusu ni Gloster Meteor. Iliruka kwa mara ya kwanza Machi 1943, na Julai 1944 ikaingia kazini, ikiwa ndege ya kwanza ya jeti kutumiwa na Jeshi la Wanahewa la Uingereza. Wanahistoria wanakadiria kwamba Meteor zipatazo 890 ziliangamia katika utumishi wa jeshi hilo, na marubani wapatao 450 wakafa nazo. Idadi kubwa kabisa ya hao hawakuangushwa na adui yeyote. Walikufa wakati wa amani, katika anga ya kwao, wakijifunza au wakijinoa. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, jeshi likaharakisha kuwaandaa marubani wapya, na maafa yakazidi. Mwaka 1952 peke yake jeshi hilo lilipoteza zaidi ya ndege 500 za aina zote, na zaidi ya watu 300 wakafariki. Msomaji wa Nairobi asidhani kwamba ndege hizi zilikuwa za ng'ambo tu: mwaka 1954 Meteor za kupiga picha ziliwekwa katika kituo cha Eastleigh, ambacho leo ni Moi Air Base, ili kupeleleza misitu walimojificha wapiganaji wa Mau Mau.

Kwa nini ndege hii iliua wanafunzi wengi hivyo? Sababu zilikuwa kadha wa kadha. Mafuta yake yaliisha upesi, hata safari nyingi hazikufika saa moja, na rubani aliyepotea katika mawingu hakuwa na muda wa kutangatanga. Lakini sababu ninayotaka tukae nayo ni nyingine.

Meteor ilikuwa na injini 2, moja katika kila bawa, tena mbali na kiwiliwili. Injini ya kushoto ikizimika, ile ya kulia huendelea kusukuma, na ndege nzima hugeuka kuelekea upande wa injini iliyokufa. Rubani huizuia isigeuke kwa kukanyaga pedali ya usukani wa mkia kwa nguvu zake zote, kwa mguu wa upande wa injini iliyo hai. Mradi ndege ina mwendo wa kutosha, usukani una hewa ya kushindana nayo. Mwendo ukipungua mno, usukani hauna tena uwezo, na rubani akiongeza nguvu za injini iliyobaki ili kujiokoa, ndege hujipindua mgongo chini, tumbo juu. Kiwango hasa cha mwendo huo wa hatari kilitegemea, pamoja na mambo mengine, nguvu na urefu wa mguu wa rubani. Maana yake ni kwamba ndege ile ile, katika hewa ile ile, ilikuwa salama kwa kijana wa miraba minne na kaburi kwa mwenziwe mwembamba.

Kwa hivyo jeshi liliamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa na mantiki, kwamba kila mwanafunzi sharti afundishwe kuruka na kutua kwa injini moja. Mkufunzi aliizima injini mojawapo, nyakati nyingine ndege ikiwa karibu na ardhi, ili mwanafunzi aonyeshe anavyoweza kujiokoa. Mwanafunzi akichelewa, akija chini mno na polepole mno, injini iliyozimwa haikuwa ya kuwashwa kwa kufumba na kufumbua. Jeti za siku zile zilikuwa nzito kuitikia. Ilhali injini zenyewe, Derwent za Rolls-Royce, hazikuwa na tabia ya kuzimika ovyo. Matokeo yake yakawa kwamba Meteor zilizoangamia katika mazoezi ya kuruka kwa injini moja zilikuwa nyingi kuliko zile zilizoangamia kwa injini kuharibika kweli. Mwalimu anayewapa wanafunzi mtihani wa majaribio mgumu kuliko ule wa taifa anaweza kulaumiwa kwa mengi, lakini angalau hazikwi mtu.

Na waliokufa waliandikiwa nini? Aghalabu waliandikiwa kosa la rubani. Hapa naomba ruhusa ya kurudi katika taaluma yangu kidogo, maana Kiswahili kina ala nzuri ya kuyapima mambo haya, nayo ni mnyambuliko wa vitenzi. Tukisema ndege ilianguka, hatukumtaja mtendaji. Tukisema iliangushwa, yupo aliyeiangusha hata kama jina lake halikutajwa. Tukisema udhibiti wa ndege ulipotea, tumewaficha wote. Tukisema rubani aliupoteza, tumemkamata mmoja, naye ni maiti, hawezi kujitetea. Lakini tukisema rubani alipotezewa udhibiti, sikio la Mswahili litadai mara moja kuambiwa: na nani? Tazama pia ile 'a' unganifu: kofia ya rubani, mshahara wa rubani, kosa la rubani. Sarufi imekwisha kulifanya kosa kuwa mali yake, sawa na kofia, kabla uchunguzi haujaanza. Wakati huo marubani wenyewe walikuwa na msamiati wao. Meteor waliibandika jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Sanduku la Nyama. Jina hilo la mzaha lilieleza jambo ambalo taarifa rasmi zililizunguka.

Wala haiwezi kusemwa kwamba elimu ya kuuliza swali lile la pili haikuwapo. Wakati wa vita, Mmarekani Alphonse Chapanis, msomi wa saikolojia, alichunguza kwa nini marubani wa ndege za B-17, baada ya kutua salama salimini, walikuwa wakiyakunja magurudumu na kuilaza ndege kwa tumbo. Jeshi lilikuwa likiwaita wazembe. Chapanis akagundua kwamba swichi ya magurudumu na ile ya mabamba ya mbawa zilifanana na zilikuwa bega kwa bega. Akapendekeza kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu, na cha mabamba kiwe na umbo la kabari, mkono uweze kutofautisha hata gizani. Mwaka 1947 wenzake wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walikusanya visa 460 vya yale yaliyoitwa makosa ya marubani katika kutumia vifaa vya kuendeshea ndege. Karibu nusu ya visa hivyo vilikuwa vya mtu kushika kifaa kimoja akidhani ni kingine. Kosa la rubani, au kosa la aliyezipanga swichi?

Kuna jambo jingine linalochoma zaidi. Tarehe 24 Julai 1946, fundi wa kampuni ya Martin-Baker, Bernard Lynch, alifyatuliwa kutoka katika ndege inayoruka kwa maili 320 kwa saa, akiwa ameketi katika kiti kilichoundwa kumtoa rubani hatarini. Alishuka kwa parachuti bila kudhurika. Ndege aliyotoka ilikuwa Meteor. Miaka michache baadaye Meteor za kivita za toleo la F.8 zikawekewa viti vya namna hiyo. Lakini Meteor T.7, ile ya mafunzo, iliyobeba mwanafunzi mbele na mkufunzi nyuma, haikuwekewa. Zaidi ya 600 ziliundwa, na ndani yake aliyekuwa hajui kuendesha ndege ndiye aliyenyimwa kiti ambacho mjuzi alipewa. Sina neno la upole kwa uamuzi huo. Jeshi lilikuwa limetoka katika vita ambavyo kikosi chake cha ndege za mabomu peke yake kilipoteza zaidi ya watu 5,000 katika ajali za mafunzo, na yamkini mazoea yale yalikuwa yamewatia watu ganzi.

T.7 ilikuwa na mtego mwingine. Iliruka kwa mara ya kwanza Machi 1948, ikiwa na pua iliyorefushwa ili mtu wa pili apate nafasi, na urefu huo ukaipunguzia uthabiti. Juu na chini ya mbawa zake kulikuwa na breki za hewa, yaani mabamba yanayochomoza ili kupunguza mwendo. Rubani akiyaacha mabamba hayo wazi, kisha akashusha magurudumu, gurudumu moja liliweza kutangulia jingine na kuivuta ndege upande, wakati huo huo hewa iliyovurugwa na mabamba ikiunyima mkia nguvu. Pua ilizama ghafla, ndege ikajiviringisha, na katika kimo cha ndege inayojiandaa kutua hapakuwa na nafasi ya kuinyanyua. Kila kimojawapo cha vitendo viwili hivyo kilikuwa halali na cha lazima. Vilipokutana ndipo vilipoua. Kila mwanafunzi alikanywa: funga breki kwanza, ndipo ushushe magurudumu. Hakikuwekwa kifaa cha kuzuia vyote viwili visitendeke pamoja. Kinga ya pekee ilikuwa kumbukumbu ya mtu mwenye mambo kumi ya kukumbuka kwa dakika moja.

Tarehe 30 Mei 1988, miaka 40 tangu T.7 iruke kwa mara ya kwanza, moja ya zile chache zilizobaki ilikuwa ikionyeshwa kwa umma huko Coventry. Aliyekuwa akiiendesha hakuwa mwanafunzi. Magurudumu yalishushwa breki za hewa zikiwa wazi, ndege ikazama mbele ya watazamaji, na rubani akafa.