MZIGO WA MWALIMU BAADA YA KENGELE

Kengele ya mwisho inapolia, wengi wetu hudhani kuwa kazi ya mwalimu wa skuli imemalizika kwa siku ile. Humwona akipita njiani na mfuko uliofurika madaftari, tukamwamkia, kisha tukaendelea na mazungumzo yetu barazani. Hatujiulizi madaftari yale yanakwenda wapi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mwalimu wa Kiswahili mwenye madarasa matatu ya wanafunzi 50 kila moja, akiwapa insha moja tu, hurudi nyumbani na insha 150. Akitumia dakika sita kwa kila insha, asome, asahihishe na aandike neno la kumwongoza mtoto, hizo ni dakika 900, yaani saa 15. Wapi katika ratiba ya skuli zetu, Unguja au Pemba, zimewekwa saa hizo? Huzitoa katika usingizi wake. Na akiwa mwalimu wa kike, huzitoa baada ya kupika, kufua na kulaza watoto. Hapo andalio la somo la kesho bado halijaandikwa.

Na hilo andalio lina mambo yake. Azimio la kazi likishatengenezwa mwanzoni mwa muhula, kila kipindi hudai andalio lake: lengo, zana, hatua na tathmini. Ni kanuni njema, kwani mwalimu asiyejiandaa huwapotezea watoto wakati. Lakini anayefundisha vipindi sita kwa siku akitakiwa kutoa maandalio sita yaliyotimia, tusistaajabu akinakili ya mwaka jana ili mkaguzi akija ayakute. Mkaguzi hutia saini, faili hufungwa, na somo hubaki lile lile. Insha nazo ni vivyo hivyo: alama ya vyema hutiwa na ukurasa haujasomwa. Mtoto huamini kuwa amepata, mpaka siku ya mtihani wa taifa.

Matokeo yakitoka mabaya, sote huwanyooshea walimu vidole, na sisi wenye kalamu hatumo katika waliosalimika na kosa hilo.

Elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar, Septemba 23, 1964, milango ya skuli ilifunguliwa kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi. Tunalionea fahari jambo hilo hadi leo. Lakini kila mtoto aliyeingia aliingia na daftari lake, na kila daftari linahitaji jicho.

Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO juu ya hadhi ya walimu, lililopitishwa Oktoba 5, 1966, lilikwisha kueleza kuwa katika kupanga saa za mwalimu uzingatiwe wakati wa kuandaa masomo na kupima kazi za wanafunzi, pamoja na idadi ya wanafunzi alionao. Kwa hiyo hatuombi jipya. Tunawaomba wakuu wa elimu wauhesabu usahihishaji kuwa ni vipindi ndani ya ratiba; walimu wa somo moja waandae pamoja, na andalio moja likubaliwe kwa mikondo yote ya darasa hilo. Na mkaguzi afikapo skuli, kabla ya kuuliza faili la maandalio, achukue madaftari matano ya wanafunzi, atazame kilichoandikwa kwa wino mwekundu.