Miwani ya sikukuu: kioo cheusi si kinga ya jicho la mtoto

Sikukuu inapokaribia, miwani ya jua ya watoto huwa miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa haraka Darajani na kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Mtoto anachagua rangi, mzazi anapatana bei. Kinachosahaulika ni kioo chenyewe.

Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mchana, kipimo cha miale ya urujuanimno (UV) mara nyingi hufika 11 au zaidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linakiita cha kupindukia. Mchanga mkavu wa pwani nao hurudisha juu takriban asilimia 15 ya miale hiyo. Macho ya mtoto huipitisha ndani kwa wingi kuliko ya mtu mzima, na madhara yake hujikusanya kwa miaka, yakiwemo mtoto wa jicho na kinyama cha jicho.

Muuzaji anaposema hivi

*“Kimekoza, kinakinga.”* Si kweli. Weusi hupunguza mwanga tu. Nyuma ya kioo cheusi mboni hutanuka, na kama hakizuii UV, miale mingi zaidi huingia.

*“Ni UV400.”* Maana yake kioo kinazuia miale hadi nanomita 400, na hicho ndicho cha kutafuta. Lakini kibandiko huchapishwa na yeyote.

*“Ni polaraizi.”* Hupunguza mng'ao wa maji na lami. Peke yake si ushahidi wa kuzuia UV.

*“Ni kioo halisi, si plastiki.”* Kwa mtoto hiyo si sifa. Kioo kikivunjika hutoa vigae karibu na jicho. Polikaboneti ni plastiki ngumu isiyopasuka kirahisi, na yenyewe huzuia karibu miale yote ya UV.

Namna ya kuhakikisha

Peleka miwani kwa duka la macho lenye kifaa cha kupima UV. Kipimo huchukua sekunde chache. Tochi ya kukagulia noti hutoa dokezo tu: mulika noti kupitia kioo, na alama zikiendelea kung'aa, kioo kinapitisha miale. Usiimulike machoni.

Miwani isiyothibitishwa ibaki ya kuchezea kivulini. Juani, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kofia pana ya ukili itamfaa mtoto zaidi.